Uzito wa Kope

Usiku wa kumi na moja mfululizo
napima malori hapa Malaba.
Lori linapanda, namba zinacheza, zinatulia,
nabonyeza, karatasi inatoka kama ulimi,
haya, pita, mwingine.
Tani hamsini na nne. Arobaini na nane na nusu.
Mizani yangu inajua saruji ya Tororo,
inajua chumvi, na kahawa iliyoshuka kutoka Bugisu,
ila haina namba ya kope moja ya jicho
saa tisa na robo usiku.

Asubuhi narudi na jua usoni.
Nalala saa mbili. Saa tatu kasorobo
Obbo, jirani, anawasha kinu chake,
na mahindi ya mji mzima
yanasagwa ndani ya fuvu langu.
Simlaumu. Watu lazima wale posho.

Uongo. Namlaumu.
Juzi niliomba mkanda wa kinu ukatike,
ukakatika.
Nililala dakika arobaini,
nikaamka na aibu iliyonifika hadi magotini.

Nimetia chumvi kwenye chai, nikainywa yote.
Nimetafuta simu chini ya kitanda
nikimulika kwa simu hiyohiyo.
Funguo zilikuwa kwenye pipa la unga.
Nimemwita mbuzi kwa jina la mama mkwe,
na mbuzi akaitika.
Nimelia, kilio cha kwikwi, cha msiba,
redio ilipotangaza sabuni imeshuka bei.

Jumanne Amuge aliangusha kijiko.
Kijiko tu, cha bati, kilichopinda shingo.
Sauti iliyonitoka sikuwahi kuisikia;
kuku waliondoka uani.
Hakulia.
Alikiokota, akakifuta kwa sketi ya shule,
akakilaza mezani polepole
kama mtu anayeweka yai.
Tangu siku hiyo anatembea kwa ncha za vidole,
nami nimekuwa kitu cha kutoamshwa.

Ekisa anasema, "Umebadilika."
Nataka kumwambia sijabadilika, mume wangu,
sipo.
Huyu anayekujibu "mm" ni zamu tu
iliyovaa gauni langu.
Lakini sentensi hiyo ni ndefu,
katikati yake nasahau nilikokuwa nakwenda.
Nasema, "Mm."

Jana usiku mizani ilisema sitini na tano.
Niliandika hamsini na sita.
Dereva, Mrundi mwembamba mwenye kofia ya sufi,
alirudi kwa miguu, karatasi mkononi.
"Dada, umenipunguzia tani tisa.
Mwingine angeshukuru akaondoka.
Lakini daraja lililo mbele yangu
halisomi karatasi."
Akanitazama.
"Mara ya mwisho ulilala lini?"
Nikahesabu kwa vidole,
nikapotea kwenye kidole cha tatu.

Dawa ya deni kulipa, tunasema.
Usingizi nao unadai,
tena haugongi mlango wa mdaiwa peke yake.
Ukikukuta huna kitu
unachukua kwa mtoto, kwa mume,
kwa mgeni mwenye kofia
ambaye hakuwahi kukukopa hata kiberiti.

Leo Jumapili, kinu kimenyamaza.
Nimekuta dirisha limezibwa kwa gunia,
kona zake zimepigiliwa misumari iliyolala upande,
kazi ya mkono mdogo.
Amuge amekaa kizingitini, mgongo kwangu,
anachambua maharage.
Hayamwagi. Anayatia moja moja kwenye sufuria
ili yasipige kelele.
Nataka kumwita, nimwambie kuhusu kijiko.
Ulimi ni gunia la saruji.
Nasikia tu: harage. Kimya.
Harage.
Mikono yangu inatafuta kitufe juu ya shuka.
Kope zinapanda mizani, namba zinacheza,
zinatulia,
haya,
pita,